Mikoko ya Mlima Meru

Mikoko niliipanda mimi, saa nane usiku,
ghorofa ya pili, Levolosi, juu ya duka la betri,
umeme ndiyo kwanza umerudi
na kompyuta inahema kama mgonjwa wa pumu.
Ukurasa wa arobaini na saba, aya ya pili:
"Eneo la mradi limezungukwa na mikoko,
makazi ya kaa na mazalia ya kamba."

Eneo la mradi ni machimbo ya kokoto
juu ya kijiji cha Nkoasala,
mita elfu moja na mia nne kutoka usawa wa bahari,
bahari ambayo wengi pale wameiona kwenye kalenda.

Nilipewa siku tisa.
"Benki hailali, mtaalamu," alisema Bwana Ayo,
na katapila lake lilikuwa limeshapanda,
limeshang'oa masale ya mpaka wa akina Sarakikya.
Sarufi ya kazi yetu ni ngumu:
shimo lipo, mtu anaweza kutumbukia,
lakini kwenye ripoti linangoja kuchimbwa.
Mradi utaathiri. Mradi utahitaji.
Uta-, uta-, uta-, mpaka alfajiri.

Nilikwenda kuomba takwimu za mto.
Kipimo cha maji kiliuzwa chuma chakavu.
Nikapewa daftari la mvua:
mwaka themanini na saba, milimita kwa milimita,
kisha kurasa tupu,
kisha hesabu za mtu aliyekopesha maharage.

Bajeti ya mimea ilikuwa laki moja na nusu,
mafuta ya gari humo humo.
Mtaalamu wa mimea alicheka, akakata simu.
Basi mimea nikaiazima
kwenye ripoti ya zamani ya mashamba ya chumvi, Tanga.
Nikafuta Tanga, nikaandika Meru.
Nikafuta chumvi, nikaandika kokoto.
Mikoko ikajibanza, nikaipita.

Mkutano wa wadau: sahihi sitini na tatu, soda sitini.
Vijana waliuliza ajira.
Bibi Elipokea hakuuliza kitu.
Alimvuta mjukuu wake mbele, akamfunua mdomo
kama anayeuza ng'ombe mnadani:
meno meupe, yote.
"Maji ya bomba yanatia meno kutu," alisema.
"Haya ni ya chemchemi. Iko chini ya shimo lenu."

Niliyaandika. Wallahi niliyaandika.
Bwana Ayo akapitisha kalamu:
"Meno yanaingiaje kwenye kokoto?"
Na asilimia sabini ya ujira wangu
ilikuwa bado mfukoni mwake, ikingoja cheti.
Fundi cherehani humpima mteja kiuno
na mteja huvumilia kitambi chake.
Mimi ninayempima ndiye aliyeshika utepe.

Cheti kilitoka.
Sahihi saba, mihuri mitatu, mikoko imesimama wima.
Nakala ikafungwa kwa kamba ofisi ya kata,
umma usome.

Umma ulisoma.
Barua imekuja kwenye karatasi ya mistari,
Nakaaya Mbise, kidato cha tatu:
"Mwalimu wa jiografia anasema mikoko huota pwani.
Nimemwambia labda wewe umeona
ambayo sisi tuliozaliwa hapa hatujaona.
Tunaomba uje utuonyeshe.
Pia tunauliza hao kaa wanaishije,
maana chemchemi siku hizi inatoa maji kama uji."

Nimeisoma mara nne, nikitafuta dhihaka.
Sijui kama imo.

Asubuhi hii kuna mteja mpya, kiwanda cha ngozi,
ana wiki mbili na haraka nyingi.
Nimemwambia angoje kwenye benchi.
Nina chupa mbili za maabara, nimezisuuza.
Jumamosi napanda Nkoasala kwa nauli yangu
na bado sijajua, nikifika pale shuleni,
nianze na salamu gani.